Gitaa la umeme lililolala miaka 11: jinsi nilivyolifufua nyumbani (uzi mrefu)

NyuziSita

Salaam wakuu. Nimemaliza kazi ya wiki tatu, jioni kwa jioni, na nataka kuiweka hapa yote pamoja na pale nilipokwama. Nilipoanza nilitafuta maelezo ya Kiswahili yaliyoshuka hadi kwenye vipimo, sikuyapata. Basi mwenye gitaa bovu ndani na asome, na mwenye kujua zaidi yangu anisahihishe.

Gitaa ni la kaka yangu mkubwa. Alilipiga miaka mingi, kisha majukumu yakamzidi, likapanda juu ya kabati ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Likakaa huko miaka 11 nyuzi zote sita zikiwa zimekazwa. Aliponikabidhi alisema, "Lichukue tu, nadhani limeshakufa." Nilipofungua mfuko nikaona kwa nini alifikiri hivyo. Nyuzi zilikuwa nyekundu kwa kutu, freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zimeota kijani, jasho la zamani limegandamana na vumbi chini ya nyuzi, na skrubu za brija, daraja linaloshika nyuzi mwilini, zimeshikana.

Lina pikapu tatu (vinasa mtikisiko wa nyuzi, yaani sumaku zilizozungushiwa waya) za koili moja, swichi ya hatua tano, brija ya kutingisha yenye springi nyuma, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Mpango huu ulikuja na Stratocaster ya Fender mwaka 1954, ingawa wakati huo swichi ilikuwa ya hatua tatu, na tangu hapo umeigwa kila mahali. Kwa hiyo mengi nitakayosema yatakufaa hata kama kichwa cha gitaa lako kimeandikwa jina jingine.

Jioni ya kwanza sikufungua skrubu hata moja. Nililichomeka kwenye amplifaya, sauti chini, nikachukua bisibisi ndogo nikagonga taratibu vichwa vya sumaku vya kila pikapu. Pikapu iliyo hai hujibu kwa mlio wa "tok" kwenye spika. Ya shingoni ikajibu, ya brijani ikajibu, ya kati kimya. Nikazungusha kidhibiti cha sauti, kikakwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Nikatikisa plagi kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya, sauti ikawa inakuja na kuondoka. Mwisho nikalishika gitaa kama seremala anavyoshika ubao, jicho moja limefumba, nikatazama kutoka brijani kuelekea kichwani. Shingo ilikuwa imeinama mbele. Yote nikayaandika daftarini.

Nasisitiza hili la kuandika. Ukishafungua kila kitu na kusafisha, hutajua tena kama kasoro fulani ilikuwepo au umeileta wewe. Na jambo la pili ambalo limeniokoa ni kufuata mpangilio: kwenye gitaa kila unachokigeuza kinasogeza kinachofuata. Ukirukia mwisho, utarudi mwanzo.

Nyuzi za zamani nilizilegeza moja moja hadi zikalala kabisa, ndipo nikakata, miwani ikiwa usoni. Uzi uliokazwa ukikatwa unaruka kama fimbo, na ule wenye kutu una ncha kama sindano.

Nitaendelea na usafi nikitulia.

Solo_Polepole

Mkuu hongera kwa kuanzisha. Swali kabla hujaendelea. Kwa kuwa umelifungua lote, kwa nini usipige msasa mwili mzima ukapaka rangi mpya? Picha nilizoona za wengine zinatoka kama jipya kutoka kiwandani.

NyuziSita

Nimelifikiria, nikakataa kwa sababu mbili. Kwanza, rangi haikuwa na ugonjwa. Imekwaruzika nyuma pale palipokuwa pakigusana na mkanda wa suruali wa kaka, na juu kuna sehemu iliyong'aa kwa mkono wake wa kulia. Hizo ni alama za mtu aliyelipiga, na mimi nimelipokea kutoka kwake. Nikizifuta nitabaki na gitaa ambalo halijawahi kuwa la mtu.

Pili, msasa hauna kurudi. Ukila ukingo wa mfuko wa shingo, lile shimo la mwilini inamokaa, milimita moja, shingo inaanza kucheza. Ukijaza rangi kwenye matundu ya skrubu, hazikai sawa tena. Kama gitaa linalia vibaya, rangi mpya haitalifanya lilie vizuri. Anza na vinavyoleta sauti, rangi itakusubiri.

NyuziSita

Sasa usafi.

Vumbi huondolewa likiwa kavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi. Ukianza na kitambaa kibichi unalikokota juu ya rangi na linachora. Baada ya hapo nikatumia kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa, chenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha kingine kikavu papo hapo. Maji hayatakiwi kuingia kwenye tundu lolote.

Hapa lazima ujue rangi yako ni ya aina gani. Magitaa mengi ya sasa yamepakwa vanishi ya poliyurethani au poliesta, ngumu na mvumilivu. Ya zamani, na baadhi ya yale ghali, yana rangi ya nitroselulosi, ambayo ni laini. Spiriti inaiyeyusha, na hata mpira wa stendi ukigusana nayo muda mrefu unaiacha na doa la kunata. Ukiwa na shaka, usitumie spiriti kabisa. Kwa gundi za stika na uchafu wa mafuta nilitumia nafta, ile iliyomo kwenye mafuta ya viberiti vya utambi. Haidhuru rangi yoyote kati ya hizo mbili, lakini inawaka upesi mno. Fungua madirisha, zima kila moto, na vitambaa vyake vianikwe nje vikiwa vimekunjuliwa.

Ubao wa vidole ndio ulionichukua jioni nzima. Wangu ni wa mti mweusi wa rozwudi, haukupakwa vanishi, na ulikuwa umekauka hadi ukawa wa kijivu. Uchafu mgumu pembeni mwa freti niliukwangua kwa kadi ya plastiki ya zamani, kwa sababu chuma kinaacha michirizo. Ukawa unatoka kama nta nyeusi. Nikapaka matone machache ya mafuta ya madini, nikangoja dakika 10, nikafuta yote yaliyobaki. Mti unywe unachotaka, usiachwe unaogelea. Kama ubao wako ni wa mti mweupe wa mepo uliopakwa vanishi, sahau mafuta. Hayaingii popote, unafuta tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Freti zenyewe hutengenezwa mara nyingi kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na huo ukijani unatokana na ile shaba. Nilibandika utepe wa karatasi kati ya freti na freti ili chuma tu kibaki wazi, nikapitisha msasa wa namba 1000, kisha 2000, kwa mkono mwepesi. Uzi ukivutwa juu ya freti iliyong'aa unateleza, na hiyo ni raha ambayo kidole kinaitambua mara moja.

Besi_Nne

Mimi kwenye freti hutumia sufi ya chuma laini kabisa, ile ya sifuri nne. Dakika kumi kazi imekwisha. Msasa unakula chuma bure.

NyuziSita

Inang'arisha vizuri, sibishi. Tatizo ni vumbi lake. Vipande vidogo vya chuma vinavutwa na sumaku za pikapu, vinajipanga juu yake na vingine vinapenya hadi kwenye koili, ambako waya ni mwembamba kuliko unywele. Ukiitumia, funika pikapu zote kwa utepe, au vua shingo ukafanyie kazi chumba kingine. Gitaa la skrubu linakuruhusu hilo. La kugundishwa haliruhusu.

Besi_Nne

Hapo sawa. Langu nilivua shingo, nilisahau kusema.

Fundi_wa_Lehemu

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, gitaa napiga kidogo tu. Naomba nichangie upande wa umeme kabla watu hawajaanza kuchoma vitu.

Gitaa lenye pikapu za kawaida zisizo na betri haliwezi kukudhuru likiwa halijachomekwa, unaweza kulifungua bila hofu. Ila amplifaya msiifungue hata ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani, hasa ya valvu. Kapasita zake zinaweza kushikilia mamia ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa. Hiyo mpelekee fundi.

Kidhibiti kinachokwaruza mara nyingi hakijafa. Ndani mwake kuna njia ya kaboni na kijiti kinachosugua juu yake, na kati yao pameingia uchafu. Tumia dawa ya kupulizia ya kusafishia viungo vya umeme, ambayo mafundi tunaiita kontakti klina, na chagua inayoacha ulainisho kidogo. Mafuta ya kulegeza kutu si mbadala wake, maana yanabaki yakinata na yanakusanya vumbi upya. Angalia juu ya miguu mitatu ya poti, yaani hicho kidhibiti, kuna uwazi. Pulizia humo mara moja tu, halafu zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Swichi nayo vivyo hivyo.

Ikiendelea kukwaruza, badilisha. Pikapu za koili moja kwa kawaida hupewa poti ya kiloomu 250, na hambaka, zile za koili mbili, kiloomu 500. Ukiweka kubwa sauti inakuwa kali zaidi, ukiweka ndogo inafifia. Kwa sauti wengi wanapendelea yenye herufi A, ambayo huongezeka kwa namna sikio linavyosikia. Ya herufi B huongezeka kwa mstari ulionyooka, na watu huiona kama inaruka ghafla mwanzoni.

Pikapu ya kati iliyo kimya usiihukumu bado. Una mita?

NyuziSita

Asante sana Fundi. Poti mbili zimenyamaza kwa njia hiyohiyo, ya tatu ilikuwa imeshikana kabisa nikaibadilisha.

Mita ninayo. Niliweka kwenye omu nikapima pikapu ya kati pale waya wake unapofika kwenye swichi. Haikusoma kitu, njia imekatika. Nimeanza kutafuta pikapu nyingine.

Fundi_wa_Lehemu

Ngoja kwanza. Pima tena, safari hii kwenye vishimo viwili vilivyo chini ya pikapu yenyewe, pale waya mwembamba wa koili unapokutana na waya mnene. Ukipata kati ya kiloomu 5 na 7, koili ni nzima na kosa liko njiani.

NyuziSita

Kiloomu 5.8!

Nikafuata waya kwa kidole. Mweupe ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake ya plastiki, karibu sana na swichi, pale ulipokunjwa wakati wa kufunga. Kwa macho ulionekana mzima. Nikaukata kidogo, nikamenya, nikaulehemu upya. Nikagonga kwa bisibisi: "tok".

Wakuu, nilikuwa karibu kuitupa pikapu nzima kwa sababu ya nusu sentimita ya waya. Nawasihi, pimeni mara mbili, mahali pawili.

Mwanafunzi_wa_Riza

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Langu linavuma muda wote, nikishika nyuzi linapunguza. Je, ni hatari?

Fundi_wa_Lehemu

Hapana, mdogo wangu, likipunguza ukishika nyuzi ni kawaida kwa pikapu za koili moja. Mwili wako unaokota mvumo wa umeme wa nyumba, na ukigusa nyuzi unaunganishwa na ardhi ya gitaa. Kuna waya unaotoka kwenye brija kwenda nyuma ya poti kwa kazi hiyo. Ukiona kushika nyuzi hakuleti tofauti lakini kushika chuma cha jeki kunanyamazisha, waya huo umekatika, uulehemu.

Linalotakiwa kukutia hofu ni kuhisi mshtuko, hata mdogo, unapogusa nyuzi au maikrofoni. Hapo chomoa kila kitu. Kosa liko kwenye amplifaya au kwenye umeme wa jengo, na hilo linaua.

Kwa mwenye jeki inayokata: kabla ya kukaza nati yake kwa nje, fungua bamba uishike jeki kwa ndani. Ikizunguka yote inasokota nyaya hadi zinakatika. Kisha ukunje kidogo ule ulimi unaogusa ncha ya plagi ili ubane zaidi. Na unapolehemu nyuma ya poti, kwangua kwanza chuma kwa msasa na tumia kichomeo chenye nguvu. Kichomeo dhaifu kinakulazimisha kukaa muda mrefu, na joto linaua poti kabla lehemu haijashika.

NyuziSita

Jeki ilikuwa hivyohivyo, ulimi umelegea. Imepona.

Sasa tunafika kwenye kulipanga gitaa lipigike. Sehemu hii ndiyo niliyoiogopa na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Kwanza brija. Skrubu ndogo za kimo zilikuwa zimekufa kwa kutu. Niliweka tone la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya sindano kwenye kila moja, brija ikiwa imevuliwa ili mafuta yasifike kwenye mti, nikaziacha usiku kucha. Asubuhi zilizunguka zote isipokuwa mbili, zilizohitaji siku ya pili. Hakikisha spana yako ya pembe sita inakaa sawasawa. Magitaa mengine yana vipimo vya milimita, mengine vya inchi, na spana inayokaribiana inaingia lakini inakula pembe, kisha skrubu hiyo haitoki tena.

Nikaweka nyuzi mpya za 9 hadi 42 (unene kwa elfu za inchi, kuanzia mwembamba hadi mnene), kipimo kilekile cha kaka. Nikatuni. Fahamu kwamba seti hiyo kwenye gitaa lenye urefu wa nyuzi wa milimita 648 huvuta kwa jumla ya karibu kilo 38. Ndiyo maana shingo ina fimbo ya chuma ndani, trasrodi, ya kuvutana na nyuzi.

Upinde wa shingo unapimwa hivi. Bana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha shingo), ubonyeze tena kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama nafasi kati yake na kilele cha freti ya saba au ya nane. Inayotafutwa na wengi ni milimita 0.2 hadi 0.3. Wenye magari watakuwa na fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi ndogo. Asiye nayo atumie karatasi za printa za gramu 80, kila moja ina unene wa takriban milimita 0.1. Kwangu zilipita karatasi saba!

Trasrodi inageuzwa robo mzunguko kwa robo, na mimi nilikwenda kwa nusu ya robo. Kulia inanyoosha shingo, kushoto inaiachia iiname. Nikalegeza kidogo kwanza ili kuhakikisha haijashikana, ndipo nikakaza. Kila baada ya kugeuza nikatuni tena, nikaliacha, nikapima. Kazi hiyo nimeigawa siku tatu, kwa sababu mti haufuati amri mara moja. Imetulia kwenye milimita 0.25.

Mwanafunzi_wa_Riza

Langu nimekaza na haligeuki kabisa. Nitumie nguvu zaidi au niongeze mkono wa spana?

NyuziSita

Usiongeze nguvu hata kidogo. Ikikatika iko ndani ya mti, na kuitoa ni kung'oa ubao wa vidole. Legeza nyuzi zote, jaribu kuigeuza kushoto kwanza. Ikiachia, toa nati yake kama inatoka, safisha meno, weka ulainisho kidogo, rudisha. Isipoachia kwa mkono wa kawaida, mpelekee fundi wa magitaa. Hapo mimi mwenyewe nisingeendelea.

NyuziSita

Kimo cha nyuzi kinapangwa baada ya upinde, kamwe si kabla. Nimepima kwenye freti ya 12, kutoka kilele cha freti hadi chini ya uzi: milimita 2 kwa uzi wa sita, 1.6 kwa uzi wa kwanza, na zilizo katikati zinashuka taratibu. Anayepiga kwa nguvu ataongeza kidogo.

Baada ya hapo uzi wa pili ukawa unalia "zzz" kwenye freti ya 13 peke yake. Freti moja ikilalamika, iangalie inayoifuata. Nilichukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka nikakilaza juu ya freti tatu, ya 13, 14 na 15. Kikabembea kwa kishindo kidogo, kumbe ya 14 ilikuwa imenyanyuka upande mmoja. Nikaigonga kwa nyundo ya kichwa cha plastiki ikaingia, nikaidondoshea tone la gundi nyepesi ya haraka pembeni, nikaibana dakika chache. Mlio ukaisha. Ingekuwa freti nyingi, kazi hiyo ni ya kusawazisha freti zote, na inataka vifaa na mkono uliozoea.

Kile kimfupa chenye mifereji sita karibu na kichwa nacho kisisahaulike. Ukikaza uzi ukasikia "ting" na sauti ikaruka, uzi unashikwa kwenye mfereji. Nilisugua penseli laini ndani ya kila mfereji, risasi yake inalainisha. Kuchonga mfereji kwenda chini sikukugusa, maana ukizidisha kidogo tu uzi unagonga freti ya kwanza na lazima ununue mfupa mpya.

Solo_Polepole

Mkuu mimi napenda nyuzi nene. Nikiweka 10 hadi 46 napanga upya au nabadilisha tu?

NyuziSita

Unapanga upya. Seti hiyo inavuta karibu kilo 47 kwa urefu uleule, yaani kama kilo 9 zaidi. Shingo itainama, brija ya kutingisha itanyanyuka kwa nyuma, na huenda mifereji ikawa myembamba kwa uzi mnene. Kaza skrubu mbili zinazoshika springi au ongeza springi moja hadi brija irudi ilipokuwa, halafu anza upinde, kimo, kila kitu. Ukishachagua kipimo, dumu nacho.

NyuziSita

Nimebakiwa na intonesheni, yaani noti kuwa sahihi kila unapobonyeza shingoni, na hapa nimekwama. Naomba msaada.

Kwa asiyejua: piga mlio wa kengele juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi bila kubonyeza, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, ionyeshe noti moja kwa zote mbili. Ukibonyeza ikapanda, uzi ni mfupi, rudisha nyuma sado, kile kijukwaa kinachobeba uzi kwenye brija. Ikishuka, isogeze mbele. Kwa urefu wa milimita 648, kila milimita moja ya sado inabadilisha tofauti hiyo kwa karibu senti 2.7, ambapo senti 100 ni nusu toni. Kwa hiyo kosa la senti 5 ni kama milimita 2, huna haja ya kubahatisha.

Nyuzi tano zimekubali. Wa sita haukubali. Tyuna haitulii, inapanda na kushuka. Nimerudisha sado hadi springi yake imebanwa mwisho. Juu ya freti ya 12 uzi unalia kama una noti mbili zinazogombana. Uzi ni mpya, upinde ni 0.25, kimo ni 2. Nimebadilisha hata uzi wenyewe.

Besi_Nne

Pikapu zako ziko umbali gani na nyuzi?

NyuziSita

Sijazigusa tangu nilipozirudisha. Nilidhani zikiwa karibu sauti inakuwa kubwa zaidi.

Besi_Nne

Ndizo hizo. Sumaku za koili moja zina nguvu na zinauvuta uzi. Uzi wa sita ndio mnene, na unapobonyeza juu kwenye shingo unashuka karibu nazo zaidi. Uzi hautikisiki tena kwa uhuru, ndiyo maana unasikia noti mbili. Bonyeza freti ya mwisho upime kutoka kilele cha sumaku hadi chini ya uzi. Anza na milimita 2.5 upande wa uzi wa sita na 2 upande wa uzi wa kwanza, kisha rekebisha kwa sikio. Rudisha pia sado ulikoitoa, ulikuwa unafidia kosa lisilo lake.

NyuziSita

Besi_Nne, Mungu akubariki. Pikapu ya shingoni ilikuwa milimita 1 tu kutoka kwenye uzi, na hii ya kati niliyoilehemu niliirudisha juu kuliko ilivyokuwa. Nimezishusha zote. Noti mbili zimekuwa moja. Sado imerudi mbele karibu milimita 4 na tyuna imesimama wima. Sauti imepungua kidogo, nikaongeza kwenye amplifaya, na sasa kila uzi unasikika ndani ya kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) badala ya kuzomeana.

Sehemu hii ya mwisho nimeiongeza kwenye daftari: kimo cha pikapu kabla ya intonesheni.

Fundi_wa_Lehemu

Kazi safi. Kaka mwenyewe amelisikia?

NyuziSita

Amekuja jana jioni. Nilimpa bila kusema kitu. Alilishika, akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo, akatuni kwa sikio tu ingawa tyuna ilikuwa mezani. Akaanza kupiga mstari wa solo ambao sijausikia tangu nikiwa mdogo, akaukosea katikati, akaurudia mara tatu mpaka ukakaa.

Ameniomba alichukue kwa wiki moja. Nimemwekea seti moja ya nyuzi za 9 mfukoni, na karatasi yenye vipimo.

Solo_Polepole

Mkuu, vipimo hivyo viweke na hapa vyote mahali pamoja, tuvipate kwa urahisi.

NyuziSita

Upinde 0.25. Kimo kwenye freti ya 12, uzi wa sita 2, uzi wa kwanza 1.6. Pikapu zote tatu, freti ya mwisho ikiwa imebonyezwa, 2.5 na 2. Yote ni milimita. Nyuzi 9 hadi 42, springi tatu. Wewe ukienda kwenye 10, nitumie vyako ukimaliza, nitaviweka chini ya hivi.